Shujaa Asiyepumzika: Tatizo la Mwisho katika Manga za Mapigano za Kijapani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna manga za mapigano za Kijapani zinavyowafikisha mashujaa wake mwishoni. Hoja inayotetewa ni kwamba katika utanzu huu ushindi hausuluhishi mgogoro bali huzaa mgogoro mwingine, kwa kuwa hadithi inayotolewa kila wiki haiwezi kumruhusu shujaa apumzike. Kazi nne zinahakikiwa: Ashita no Joe, Dragon Ball, Rurouni Kenshin na Vagabond. Uhakiki unaonesha kwamba kila moja inajaribu kwa njia yake kumtoa shujaa katika mapigano: kwa kuteketea, kwa kufundisha, kwa kukabidhi silaha na kwa kushika jembe. Makala yanahitimisha kwamba ubora wa kazi hizi unafaa kupimwa kwa jinsi zinavyolijibu swali la kuacha kupigana, si kwa wingi wala ukali wa mapigano yaliyomo.

Maneno muhimu: manga, anime, shujaa, sanaa za mapigano, hitimisho la hadithi

Utangulizi

Hadithi za mapigano ni miongoni mwa tanzu zilizoenea zaidi katika manga, yaani hadithi za vibonzo za Kijapani, na katika anime, yaani filamu za vibonzo ambazo mara nyingi hutokana na manga hizo. Msuko wake umezoeleka. Kijana asiye na mali wala cheo anampata mwalimu, anajifunza kupigana, anashindwa, anajifunza upya na kushinda. Kisha anatokea adui mwenye nguvu kumzidi yule wa kwanza, na mzunguko unaanza tena. Kutokana na msuko huo, lawama mbili hutolewa mara kwa mara. Ya kwanza ni ya kifani: kwamba kazi hizi hurudia jambo lilelile. Ya pili ni ya kimaadili: kwamba huwazoesha vijana kuamini kuwa kila tatizo lina jibu katika ngumi.

Makala haya yanadai kwamba lawama hizo mbili zina mzizi mmoja, na kwamba watunzi walio bora wa utanzu huu wameuona mzizi huo na kuufanya kuwa maudhui ya kazi zao. Mzizi wenyewe ni tatizo la mwisho. Shujaa wa mapigano anapomshinda adui, hadithi inatakiwa imfanye nini?

Msomaji wa tendi za Kiswahili anaweza kulielewa tatizo hili kwa kulinganisha. Katika utendi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijuma mwaka 1913, shujaa ana siri ya kifo chake. Hakuna silaha inayomdhuru ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni; siri hiyo inapofikia mikono ya mwanawe, maisha ya Liyongo yanakwisha na utendi unaelekea ukomo wake. Mwisho wa hadithi umo ndani ya mwili wa shujaa tangu mwanzo. Shujaa wa manga za mapigano hana kitovu cha namna hiyo. Hata pale anapofichuliwa kuwa na asili ya ajabu, nguvu zake huoneshwa hasa kuwa ni za kujifunza, na kinachojifunzwa kinaweza kuongezwa bila kikomo. Kwa hiyo hakuna kitu katika umbo la shujaa huyu kinachomwelekeza mtunzi mahali pa kukomea. Mwisho hauna budi kutafutwa.

Ili kuona jinsi ulivyotafutwa, sehemu inayofuata inaeleza kwanza mambo mawili yanayoufanya upatikanaji wake kuwa mgumu: falsafa ya sanaa za mapigano za Kijapani na mfumo wa majarida ya manga. Kisha kazi nne zinahakikiwa moja baada ya nyingine. Majina ya watu wa Japani yameandikwa kwa kutanguliza jina la ukoo, isipokuwa pale mhusika anapojulikana zaidi kwa jina lake binafsi.

Njia na Jarida

Mwaka 1882 Kano Jigoro alianzisha mjini Tokyo shule ya Kodokan, ambamo mbinu za kale za mieleka ya kujihami zilizoitwa jujutsu zilipangwa upya na kupewa jina la judo. Mabadiliko ya jina yalibeba mabadiliko ya fikra. Neno jutsu humaanisha ufundi. Neno do humaanisha njia. Ufundi una lengo nje yake, yaani kumwangusha adui. Njia hutembewa kwa ajili ya kumjenga anayeitembea, na mpinzani anakuwa mwenzi wa safari badala ya kizuizi. Fikra hiyohiyo imo katika kendo, sanaa ya upanga, na katika sanaa nyingine zinazoitwa kwa pamoja budo. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba njia, kwa maana hii, haina mwisho. Bingwa wa jana ni mwanafunzi wa leo.

Baada ya Japani kushindwa vitani mwaka 1945, ufundishaji wa sanaa hizi shuleni ulipigwa marufuku chini ya utawala wa majeshi ya washirika, kwa kuwa zilihusishwa na ari ya kijeshi. Utawala huo ulikoma mwaka 1952, na katika mwaka huohuo Fukui Eiichi alianza kuchapisha Igaguri-kun, manga ya mvulana mcheza judo iliyopendwa sana na watoto. Hivyo basi, shujaa mpiganaji wa manga alizaliwa akiwa na swali mgongoni: kwa nini mtoto wa taifa lililoshindwa vitani ajifunze tena kupigana? Jibu la fikra ya njia lilikuwa tayari: ajifunze ili ajitawale. Jibu hilo lilitosha kumwanzisha shujaa, lakini halikutosha kummaliza.

Jambo la pili ni jarida. Mwaka 1959 kampuni ya Kodansha ilianza kutoa Weekly Shōnen Magazine na kampuni ya Shogakukan ikaanza kutoa Weekly Shōnen Sunday, yote mawili yakiwa majarida ya wavulana ya kila wiki. Jarida la Shōnen Jump la kampuni ya Shueisha lilifuata mwaka 1968 na likawa la kila wiki mwaka uliofuata. Katika Jump, wasomaji hutuma postikadi kueleza hadithi walizozipenda. Isiyopendwa hukatishwa, inayopendwa huendelezwa. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1994 jarida hilo lilichapisha takribani nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Maneno matatu yanayotajwa kuwa mwongozo wake ni urafiki, juhudi na ushindi. Pumziko halimo.

Mambo haya mawili yanapokutana yanazaa hali ya kipekee. Njia inasema safari haina mwisho kwa sababu mtu hajakamilika. Jarida linasema safari isiishe kwa sababu msomaji hajachoka. Kwa nje kauli hizi zinafanana, na ni rahisi ya pili kujivika vazi la ya kwanza. Mtunzi anayetaka kuwa mkweli kwa shujaa wake analazimika kuzitenganisha.

Kuteketea: Ashita no Joe

Kazi ya kwanza kulikabili tatizo hili kwa uzito ni Ashita no Joe, iliyochapishwa katika Weekly Shōnen Magazine kuanzia mwaka 1968 hadi 1973. Mwandishi wake ni Kajiwara Ikki, aliyetumia hapa jina la Takamori Asao, na mchoraji ni Chiba Tetsuya. Mhusika mkuu, Yabuki Joe, ni kijana mzururaji anayefika katika mtaa wa vibarua maskini wa Tokyo. Tange Danpei, bondia wa zamani aliyezama katika ulevi, anaona kipaji katika ngumi zake. Joe anapofungwa katika gereza la vijana, Danpei anamfundisha kwa postikadi, akimweleza pigo moja baada ya jingine. Mafunzo hayo yanaitwa ya kesho, na ndiyo yanayoipa kazi jina lake: Joe wa kesho.

Gerezani Joe anakutana na Rikiishi Toru, bondia stadi anayekuwa mpinzani wake mkuu. Uhusiano wa wawili hawa unafichua jinsi fani ya uchoraji inavyoweza kuamua hatima ya mhusika. Chiba alimchora Rikiishi akiwa mrefu na mpana kuliko Joe, hali iliyofanya isiwezekane wawili hao kupigana katika uzani mmoja bila maelezo. Maelezo yaliyopatikana ni ya kutisha: Rikiishi anaamua kupunguza mwili wake hadi uzani wa bantam anaopigania Joe, na kurasa nyingi zinatumika kuonesha njaa, kiu na mifupa yake. Anamshinda Joe, kisha anakufa. Mshindi ndiye anayekufa, na aliyeshindwa ndiye anayebaki kuubeba ushindi huo. Kwa muda mrefu baada ya hapo Joe hawezi kumpiga mtu kichwani bila kutapika ulingoni.

Hadhira ilikipokea kifo hicho kwa namna isiyo ya kawaida. Tarehe 24 Machi 1970, mshairi na mwandishi wa tamthilia Terayama Shuji aliongoza ibada ya mazishi ya Rikiishi katika jengo la Kodansha, na takribani watu 700 walihudhuria. Wiki moja baadaye, tarehe 31 Machi, vijana wa kundi la Jeshi Jekundu waliiteka nyara ndege ya Shirika la Ndege la Japani na kuipeleka Korea Kaskazini. Katika tamko lao walijifananisha na Joe. Matukio haya mawili hutajwa kama ushahidi wa umaarufu wa kazi. Kwa uhakiki huu umuhimu wake ni mwingine: yanaonesha usomaji wa aina mbili. Waombolezaji walisoma hadithi ya mtu aliyekufa kwa sababu hakukubali kuacha. Watekaji walisoma hadithi ya mtu asiyeacha, na hawakuona kifo kilichomo ndani yake.

Hitimisho la Ashita no Joe linaupima usomaji huu wa pili. Joe, ambaye sasa mwili wake unaonesha dalili za ubongo ulioathiriwa na mapigo, anapewa pambano na bingwa wa dunia, José Mendoza. Shiraki Yoko, mwanamke tajiri anayesimamia mambo ya masumbwi, anajua hali yake; anamsihi asipande ulingoni na kumkiri mapenzi yake. Joe anapanda. Anapigana hadi raundi ya mwisho na kushindwa kwa pointi. Anampa Yoko glovu zake, kisha picha ya mwisho inamwonesha akiwa ameketi kwenye kona yake, ameinamisha kichwa, anatabasamu, na rangi yote imeondoka katika mchoro. Awali alikuwa amemweleza msichana mwingine, Noriko, kwamba anataka kuwaka hadi libaki jivu jeupe tu. Mwandishi alikuwa amependekeza mwisho mwingine. Chiba aliukataa na kuchora huu.

Kwa zaidi ya miaka 50 wasomaji wamebishana kama Joe amekufa. Utata huo ni sehemu ya utamaduni mpana wa taswira ya shujaa. Katika masimulizi ya Kijapani, mtawa shujaa Benkei alikufa akiwa amesimama, na maadui hawakuthubutu kumkaribia. Katika utendi, Liyongo alikufa akiwa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wa mji wakaogopa kwenda kisimani. Hakuna ushahidi kwamba masimulizi haya yaliwahi kukutana, lakini yanashirikiana katika jambo moja: mwili wa shujaa unaendelea kupigana baada ya mwenyewe kuondoka. Kwa Joe mambo yamegeuzwa. Mwili wake hauogopeshi tena mtu yeyote. Glovu zimevuliwa, na mkao wake ni wa mtu aliyemaliza kazi. Ikiwa yu hai au amekufa, amepumzika.

Ni jibu lenye nguvu, lakini lina gharama ambayo kazi yenyewe haifichi. Pumziko limepatikana kwa kuuteketeza mwili wote. Yoko, aliyekuwa na jibu jingine, amebaki na glovu.

Kufundisha: Dragon Ball

Dragon Ball ya Toriyama Akira, iliyotolewa katika Weekly Shōnen Jump kuanzia mwaka 1984 hadi 1995 kwa sura 519, inaonekana kuwa kinyume kabisa cha Ashita no Joe. Shujaa wake, Son Goku, hapigani kwa sababu ya umaskini wala uchungu bali kwa furaha. Jina lake linatokana na tumbili wa hadithi ya Kichina ya Safari ya Magharibi, na uchezaji wake wa mwanzo una ladha ya filamu za mapigano za Hong Kong.

Sehemu za mwanzo zina hekima ambayo mara nyingi husahaulika kutokana na kelele za sehemu za baadaye. Mzee Kame Sennin anawafundisha Goku na rafiki yake Krillin kwa kuwapa kazi: kusambaza maziwa, kulima shamba kwa mikono mitupu, na kufanya yote hayo wakiwa wamebeba magamba mazito ya kobe migongoni. Mafundisho yake yanahusu kufanya kazi, kusoma, kucheza, kula na kupumzika, kila jambo kwa kiasi chake. Wanafunzi wake wanapoingia katika mashindano makubwa ya mapigano, mzee anavaa sura ya bandia na kushindana nao kwa jina la Jackie Chun, akikusudia kuwazuia wasishinde mapema wakajiona wamefika. Anashinda, na kushindwa huko kunawafungulia wanafunzi wake njia. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani ingefaa kuandikwa mlangoni kwake.

Mwelekeo unabadilika wanapoingia maadui kutoka sayari nyingine wakiwa na kifaa kinachovaliwa jichoni na kupima nguvu za mtu kwa tarakimu. Mtu wa kwanza kupimwa ni mkulima mwenye bunduki, na kifaa kinasoma 5. Baadaye adui Frieza anajitangaza kuwa na nguvu 530,000. Hapa mantiki ya jarida imepata umbo lake kamili: nguvu ni namba, na namba hupanda daima. Toriyama hata hivyo hakukiamini kifaa hicho. Mashujaa wake wanajua kuificha nguvu yao na kuitoa wanapotaka, kwa hiyo kifaa kinawadanganya wanaokitegemea, na maadui wengi wanaangamia kwa kuamini tarakimu. Hatimaye tarakimu zinaachwa. Tatizo ni kwamba kupanda hakuachwi pamoja nazo.

Dragon Ball inajaribu kuhitimishwa zaidi ya mara moja ndani yake yenyewe. Jaribio la wazi zaidi ni pambano dhidi ya Cell. Goku anajitoa, anamwachia mwanawe Gohan nafasi, na anakufa. Anapopewa fursa ya kufufuliwa anaikataa, akieleza kwamba uwepo wake ndio unaovuta maadui duniani. Ni kauli ya kushangaza, kwa kuwa inaeleza kanuni ya utanzu mzima kwa kinywa cha shujaa: pasipo mpiganaji mkuu, hakuna haja ya adui mkuu. Gohan anakwenda shule. Mama yake, Chi-Chi, amekuwa akidai tangu mwanzo kwamba mtoto asome, na wasomaji wengi wamezoea kumwona kama kikwazo cha kuchekesha. Kwa kipindi kifupi hadithi inamkubalia. Kisha Goku anarudi, na Gohan anasukumwa pembeni.

Mwisho wenyewe unakuja miaka kumi baada ya kushindwa kwa Buu, adui aliyezidi wote kwa uharibifu. Goku alikuwa ameomba adui huyo azaliwe upya akiwa mtu mwema, ili wapigane tena. Mtoto aliyezaliwa, Uub, anatokea katika mashindano akiwa maskini wa kijijini asiyejua nguvu zake. Goku anaacha mashindano, anawaaga wake kwa haraka, na kuondoka na mtoto huyo ili amfundishe. Kwa upande mmoja huu ni mwisho unaostahili: mwanafunzi wa Kame Sennin amekuwa mwalimu, na adui amegeuka mwanafunzi. Kwa upande mwingine, Goku anafundisha ili apate mtu wa kupigana naye. Amebadilisha kazi bila kubadilisha hamu. Familia yake inabaki ikitazama angani. Tabasamu la ukurasa wa mwisho linaficha ukweli kwamba swali limeahirishwa, wala si ajabu kwamba hadithi za Goku zimeendelea kutengenezwa tangu wakati huo.

Kukabidhi: Rurouni Kenshin

Rurouni Kenshin ya Watsuki Nobuhiro ilitolewa katika jarida hilohilo kuanzia mwaka 1994 hadi 1999. Inaanza pale kazi nyingi za mapigano zinapopaswa kuishia. Mwaka ni 1878, vita vya kuangusha utawala wa kisamurai vimekwisha, na amri ya mwaka 1876 imewakataza raia kubeba panga hadharani. Himura Kenshin, aliyekuwa muuaji wa siri wa upande ulioshinda, ameapa kutoua tena. Anabeba upanga uliogeuzwa makali: upande unaopaswa kukata ni butu, na makali yanamwelekea mwenye kuushika.

Upanga huo ni ishara iliyofikiriwa vizuri. Kila anapougeuza ili aue, makali yaleyale yanamkumbusha kiapo. Kila anapoushika kama kawaida, yanamwelekea yeye. Lakini ishara hiyo ina udhaifu ambao hadithi inaukiri: Kenshin bado anavunja mifupa ya watu, na bado kila anayetaka kumjaribu anamtafuta. Kutoua si sawa na kutopigana.

Kazi hii inatenganisha aina mbili za kuweka silaha chini. Ya kwanza inatokea katika sehemu ya kisasi cha Enishi, mdogo wake Tomoe, mke ambaye Kenshin mwenyewe alimuua. Enishi anamfanya Kenshin aamini kwamba Kaoru, mwanamke anayempenda, ameuawa. Kenshin anaufunga upanga wake kwa minyororo na kuketi katika makazi ya watu waliokata tamaa. Ameacha kupigana, na hakuna anayemsumbua; kwa nje ndiyo amani aliyoitaka. Kinachomwinua ni sauti ya Tsubame, msichana mdogo anayemwomba amwokoe rafiki yake Yahiko. Hadithi inasema kwa tendo hilo kwamba kuitupa silaha kwa kukata tamaa ni kuwatupa wengine pamoja nayo.

Aina ya pili inakuja mwishoni. Daktari amekwisha kumwonya Kenshin kwamba mwili wake hautaweza kuhimili mtindo wake wa upanga kwa muda mrefu. Yahiko, aliyekuwa mtoto mwizi wa mifukoni, amefikisha miaka 15. Baada ya kupambana naye kwa pigo moja, Kenshin anamkabidhi upanga. Ni muhimu kukumbuka kwamba Kenshin amekataa wakati wote kumfundisha Yahiko mtindo wake wa kuua. Yahiko amefundishwa na Kaoru, mwalimu wa ukumbi wa Kamiya, mtindo unaokusudia kulinda uhai. Kwa hiyo kinachorithishwa ni chuma na wajibu. Ujuzi wa muuaji unakoma na mwenyewe. Urithi wa kweli wa kijana huyu umetoka kwa mwanamke, ingawa sherehe ya makabidhiano imefanywa na wanaume wawili. Hapo kazi inaonesha kikomo chake, lakini pia inatoa jibu ambalo Dragon Ball haikulifikia: kuna ujuzi ambao mwalimu mwema hana budi kufa nao.

Kushika Jembe: Vagabond

Kazi ya nne, Vagabond ya Inoue Takehiko, imetolewa katika jarida la Weekly Morning la Kodansha, linalolenga wasomaji watu wazima, kuanzia mwaka 1998. Inatokana na riwaya ya Yoshikawa Eiji kuhusu Miyamoto Musashi, mpiga upanga wa karne ya 17, iliyochapishwa kwa mfululizo katika gazeti la Asahi kati ya miaka 1935 na 1939. Musashi wa Inoue anaanza akiwa kijana mkali anayetaka kutambuliwa kuwa hana mpinzani chini ya jua. Kilele cha safari hiyo ni pambano ambamo peke yake anawakabili wanafunzi 70 wa shule ya Yoshioka na kuwaangamiza.

Katika kazi ya kawaida ya utanzu huu, hapo pangekuwa mahali pa shangwe. Inoue anachora uchovu, matope na miili. Musashi anatoka akiwa na jeraha la mguu linalotishia maisha yake ya upanga, na sifa alizozitafuta zinamfuata kama deni. Anaanza kuyaona maisha yake kuwa ni mzunguko wa kuua usio na mlango wa kutokea. Kauli hiyo inamhusu mhusika, lakini pia inauhusu utanzu.

Mlango unaopatikana ni shamba. Musashi anamkuta Iori, mtoto aliyefiwa na baba, katika kijiji chenye ardhi mbovu, na anaamua kubaki naye na kulima. Kwa sura nyingi hakuna pambano lolote. Mtu aliyewashinda mabingwa wa upanga anashindwa na udongo: miche inakufa, maji yanakuja pasipotakiwa, njaa inaingia kijijini. Mkulima mzee anakuwa mwalimu wake, na somo ni la kutazama na kusubiri, kwa kuwa udongo hauwezi kutishwa. Njaa inapozidi, Musashi anapiga magoti mbele ya mkuu anayetaka kumwajiri na kuwaombea wanakijiji chakula. Goti hilo, lisilopigwa kwa kushindwa na mtu, ndilo pigo kubwa kuliko yote aliyowahi kutoa.

Tofauti na Dragon Ball ni bayana. Pale mkulima alipimwa akaonekana ana nguvu 5, na hadithi ikamwacha nyuma. Hapa mkulima ndiye mwenye ujuzi ambao mpiganaji hana. Kipimo kimegeuzwa: nguvu ni uwezo wa kuwalisha wengine. Vagabond haijakamilika, uchapishaji wake ulisimama mwaka 2015, kabla ya pambano la Musashi na Sasaki Kojiro ambalo kimapokeo huwekwa mwaka 1612 na ambalo kila msomaji wa Kijapani analijua. Kusimama huko hakupaswi kusifiwa kana kwamba ni uamuzi wa kisanaa. Hata hivyo kunaacha jambo la kutafakari. Baada ya shamba, pambano hilo limekuwa gumu kuandikwa, kwa sababu mhusika amekwisha kujifunza kwamba halihitaji.

Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba tatizo la mwisho ndilo linaloziunganisha na kuzitofautisha manga za mapigano. Joe anapumzika kwa kuteketea, Goku anakwepa pumziko kwa kufundisha, Kenshin anakabidhi silaha na kuuzika ujuzi wake, na Musashi anajifunza kazi ambayo upanga hauisaidii. Majibu haya hayana uzito sawa. La Joe ni zuri kuliko yote kwa taswira, lakini linamwambia kijana kwamba njia ya kutoka ni mwili wenyewe kwisha, na watekaji nyara wa mwaka 1970 walilichukua nusu yake tu. La Musashi halijafika mwisho, lakini ndilo pekee linalompa shujaa kitu cha kufanya kesho yake.

Imedhihirika pia kwamba katika kazi tatu kati ya hizi jibu jingine lilikuwa tayari mikononi mwa wanawake: Yoko aliyesema acha, Chi-Chi aliyesema soma, Kaoru aliyefundisha upanga wa kulinda uhai. Utanzu umezoea kuwasikiliza ukiwa umechelewa. Uhakiki wa manga za mapigano utakuwa umefanya kazi yake ukianza kuwasikiliza mapema, na ukiacha kuuliza nani ana nguvu zaidi ili uulize ni nani, baada ya pigo la mwisho, anayejua kurudi nyumbani.